Mama wa Tenga na Kura za Jumamosi

Kila Ijumaa asubuhi, kabla sijapiga mswaki, nasoma katuni. Sizungumzii zile katuni za gazetini za kumkejeli mkubwa fulani, ambazo mtu wa umri wangu anaruhusiwa kuzisoma na hata kuzitaja kikaoni. Nasoma katuni za mashujaa: watu watano wenye nguvu za ajabu wanaorushana ukutani ukurasa baada ya ukurasa mpaka nyumba za watu wasiohusika zinaanguka. Zinatoka kwenye simu, sura moja kwa wiki. Halafu Jumamosi saa kumi jioni nasikiliza chati ya nyimbo kumi bora redioni, na najua upi umepanda, upi umeshuka, na upi umetolewa kwa aibu baada ya wiki moja tu. Nina miaka arobaini na tisa. Nina digrii mbili, ya pili ya fasihi, na tasnifu yangu juu ya dhana ya shujaa imelala kwenye maktaba ya chuo ambako, kwa taarifa nilizonazo, imewahi kufunguliwa mara moja. Aliyeifungua ni mimi, nikitafuta kosa la chapa.

Lushoto mjini hawajui habari hizi. Wananiona nikipita sokoni na mkoba wa ngozi, wananiita mwalimu ingawa niliacha kufundisha siku nyingi, na wananiuliza maswali ya Katiba. Mkobani mna mwavuli na karanga. Nikisoma katuni hadharani hukunja uso, nikatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesoma hotuba ya bajeti. Siku moja, kwenye foleni ya benki, kijana wa radi alipomrusha adui baharini, nilisema "Eeh!" kwa sauti. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema ndiyo, wa mbali kidogo.

Mama yangu hana aibu ya namna hiyo. Anaishi Malindi, si ile ya pwani bali ya milimani kwetu, kule juu ambako ukungu huingia ndani bila kupiga hodi na kukaa sebuleni kama mgeni aliyekuja na begi. Ana miaka sabini na kitu. Hicho kitu hubadilika kufuatana na anayeuliza. Chati ya Jumamosi anaifuata kuliko mimi. Waimbaji hawajui kwa majina, anawajua kwa dhambi zao: yule wa kulialia, yule aliyemwacha mwenzake, yule anayeimba kama kameza kengele. Nikienda kumwona Jumamosi, nyimbo zikianza kusomwa, naruhusiwa kukaa lakini siruhusiwi kuongea.

Sasa nieleze nilivyoingia kwenye vita vya watu wenye nguvu za ajabu.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Mazinde, kule bondeni kwenye barabara kubwa, na mume wake ana duka la vifaa vya ujenzi. Shemeji ni mtu mwema, lakini ana maneno machache kama mtu anayelipia kila neno. Ukiingia dukani kwake hakuulizi habari za nyumbani. Anakuuliza, "Mifuko mingapi?" Binti yao mkubwa alisomea biashara chuoni kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote alikuwa akichora. Alichora nyuma ya risiti, kwenye mifuko ya saruji, pembeni mwa daftari la mahesabu. Mwaka jana vijana fulani wa Dar es Salaam walipoanzisha kikosi kipya cha mashujaa, walitafuta wachoraji. Utaratibu wao ulikuwa kwamba kila shujaa ana mchoraji wake, anayemtunga, kumchora na kumsemea. Mpwa wangu akawatumia mchoro mmoja, wakamchukua.

Kikosi kile kina kijana anayeshika radi kwa mikono, mapacha wawili wanaokimbia kuliko sauti zao, na binti anayezungumza na mashine. Wa tano ni wa mpwa wangu: mwanamke wa makamo, kanga mbili, ndala, ngata kichwani na tenga juu ya ngata. Nguvu yake ni kwamba kitu chochote kikishatua kichwani kwake hakina uzito. Katika sura ya kwanza alibeba lori la mizigo. Katika sura ya tatu alibeba daraja, na abiria juu yake, akawavusha mto huku akiwauliza kama wamefunga milango nyumbani. Wasomaji humwita mama wa tenga. Sisi katika ukoo tulipoona lile paji la uso na ile namna ya kushika kiuno, hatukuhitaji kuuliza. Alikuwa ni mama yangu, kapunguzwa miaka ishirini na kuongezwa daraja.

Mama alipoonyeshwa aliivuta simu karibu na pua. "Hizi ndala sizo," alisema. "Mimi navaa za bluu." Basi sura iliyofuata zikawa za bluu.

Baba mtu hakufurahi. Baada ya Idi tulikaa kikao cha ukoo kwa mama, Malindi, chai ikiwa mezani na mapeasi kwenye sinia. Alikuwa na nafasi kwa binti yake pale dukani, alisema, na binti alikuwa amesomea jambo hilohilo. Mimi nikasimama. Nilizungumza kwa robo saa juu ya sanaa na jamii. Nilitaja tasnifu yangu. Nilipokaa, shemeji akaweka kikombe chini.

"Sikatai," alisema. "Achore. Ila siku huyo mama wa kwenye simu akifa, binti anarudi dukani. Na tusibishane."

"Tumekubali," nikasema upesi, kwa niaba ya mpwa wangu ambaye sikuwa nimemuuliza.

Binti aliniangalia kama mtu aliyepimwa macho jana na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuniona vizuri. Baadaye, tukiosha vikombe, akaniambia, "Mjomba, unajua kwenye katuni watu wanakufa kila wiki?"

Nilikuwa sijalifikiria hilo.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda. Nilimsaidia kwa kusoma kila sura kabla haijatoka na kumpa maoni ya kitaalamu ambayo hakuyatumia. Nakumbuka sura moja nzima aliyotunga juu ya adui mkuu wa kikosi, bwana wa suti ya kijivu anayenyonya nguvu za watu kwa kuwakazia macho. Sura ile ilirudi utotoni mwake: kumbe alilelewa na bibi yake kwenye kijiji cha milimani, akichota maji, akichunga mbuzi, akifinywa sikio kila alipopita wakubwa bila kuwaamkia. Nilimwambia sura inachosha, hakuna ngumi hata moja. Aliniambia asante, mjomba, akaitoa kama ilivyo.

Kisha waandaaji wakapata wazo, na wazo lenyewe likaungana na redio. Walisema kikosi kina watu wengi, mmoja lazima aondoke, na wasomaji ndio wachague. Jumamosi moja, mara tu baada ya chati ya nyimbo, watu watapiga simu kituoni kwa nusu saa na kutaja shujaa wanayemtaka abaki. Atakayepata kura chache kuliko wote atauawa na yule bwana wa suti ya kijivu katika pambano lijalo. Na mchoraji wake ataaga.

Nani angekuwa wa mwisho ilijulikana. Vijana wa mjini walishaanza kuandika mitandaoni kwamba mama wa tenga amepitwa na wakati. Mmoja aliuliza shujaa gani anapigana amevaa ndala. Nilimjibu kwa aya nne. Akanijibu kwa kichwa kinachocheka.

Nikaamua kuendesha kampeni. Kura zinahitaji watu, nikafikiri, na milima hii ina watu. Nilikwenda stesheneri nikachapa karatasi zenye maelekezo ya hatua nne. Moja, piga simu. Mbili, taja ulipo. Tatu, sema "mama wa tenga". Nne, kata simu. Nilizigawa sokoni kwa akina mama wa karoti na kabichi, kwa waendesha bodaboda, kwa wazee wa kahawa. Nilipanda Malindi nikawapa kikundi cha akina mama cha mama yangu. Nilimpa pia jirani yake, Mlutheri anayeimba sauti ya pili kwaya, akaahidi kuzisambaza kwa wanakwaya wote. Hakuna aliyekataa. Walimjua binti, walimjua bibi yake, na wengi walishaonyeshwa lile daraja.

Ni mama pekee aliyesumbuliwa na maelekezo yale. Aliyasoma mara mbili, kidole chini ya kila neno.

"Hii ya nne," alisema. "Nimkatie simu mtoto wa watu?"

"Ndiyo, mama. Ukishasema shujaa, unakata."

"Bila kuagana?"

"Mama, ni kura."

"Hata kura ina mwenyewe," alisema, akaikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga.

Nilipaswa kuelewa pale pale. Lakini mtu mwenye digrii mbili akishachapa maelekezo huwa anaamini kazi imekwisha.

Jumamosi yenyewe ukungu ulikuwa mzito mpaka nikashuka kwenye bodaboda na kutembea mita za mwisho kwa kufuata harufu ya moshi wa jiko la mama. Redio ilikuwa dirishani, waya wake wa kunasia mawimbi umefungwa kwenye jembe, na jembe limechomekwa kwenye tuta la viazi nje, mahali ambapo mama aligundua zamani kwamba redio ya Tanga inasikika. Jirani wa kwaya alikuwa amekaa na simu mbili. Mpwa wangu alikuwa kwao Mazinde, kwenye stoo ya nyuma ya duka ambako huchorea katikati ya mifuko ya saruji. Alisema hataweza kusikiliza mbele za watu.

Chati ilisomwa. Namba moja ilikuwa ileile, yule wa kulialia, wiki ya saba. Mama akasonya. Halafu mtangazaji, kijana mwenye sauti ya haraka kama anafukuzwa, akafungua simu.

"Hewani! Shujaa wako?"

"Radi!"

"Hewani! Shujaa?"

"Mapacha, kaka!"

"Hewani!"

"Radi, radi, radi!"

Simu kumi zikapita kwa dakika moja. Kisha ikasikika sauti ya mzee, nyuma yake kuna mtu anapiga kelele za bei ya kabichi. Nikarukia redio kuongeza sauti. Wa kwetu!

"Haloo? Haloo? Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Shujaa wako, mzee?"

"Hujambo lakini?"

"Sijambo, mzee. Taja shujaa."

"Mbona huniamkii?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa mimi niko huku Lushoto, huku baridi kali sana, sijui huko kwenu Tanga jua…"

Simu ikakatwa.

"Kakatiwa!" jirani akasema.

"Kwani kakosea nini?" mama akauliza. "Alikuwa anamjulia hali."

Zikafuata nyingine za kwetu, moja baada ya nyingine. Mwanamke wa karoti aliwasalimu wauza karoti wote, kisha, asije akalaumiwa, wauza vitunguu. Mwendesha bodaboda alimsalimu abiria aliyekuwa amempakia wakati huohuo, na abiria akasogea akasalimu pia. Mzee wa kahawa alitaka kwanza kujua mtangazaji ni mtoto wa nani. Baina yao vijana wa mjini walikuwa wakiingia, neno moja, wanatoka. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nimeshika nakala ya maelekezo yangu na kuipunga mbele ya redio, kana kwamba ingesoma.

Simu ya jirani ikapokelewa. Nikamwonyesha vidole vitatu: hatua ya tatu! Akaitikia kwa kichwa, akajikohoza kama anataka kuanzisha wimbo.

"Bwana asifiwe, mwanangu."

"Amina, mama. Shujaa?"

"Ninaye, ninaye. Ila kwanza niwasalimie wanakwaya wenzangu wote, na mchungaji wetu, na mama mchungaji, na yule mgonjwa wetu aliyeteguka mguu, tunakuombea…"

Ikakatwa. Akaitazama simu kwa huzuni. "Hata kwa mama mkwe sijafika," alisema. "Atasema nimemruka."

Mama naye akapata laini. Nikamshika bega. "Mama, nakuomba. Mama wa tenga kwanza. Salamu baadaye."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Mtangazaji sasa alikuwa ameshafundishika. "Shikamoo, bibi!"

Uso wa mama ulichanua. "Marahaba, mjukuu wangu! Umekula?"

"Bado, bibi. Tuna sekunde kumi."

"Za nini, unakwenda wapi? Hebu niambie. Huyo wa namba moja analia nini wiki saba? Mwanamke kaondoka, kaondoka! Mwambieni akalime."

Mtangazaji akacheka mpaka akakohoa. Watu wa nyuma yake studioni wakacheka. Mama akacheka nao, akawaaga mmoja mmoja, akarudisha simu mezani akiwa ameridhika kabisa. Ndipo akaona uso wangu.

"Ee," alisema. "Sikumtaja."

Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Nikapiga mwenyewe. Nikapiga tena, na tena, jasho likinitoka kwenye baridi ya Malindi, mpaka nikasikia sauti yangu ikitokea dirishani. Sasa ilikuwa zamu ya mtu aliyesoma.

"Shikamoo, mzee!" kijana akasema.

Hakuna aliyewahi kuniita mzee hewani. Pengine hilo ndilo lililonichanganya. Au pengine mtu ukiamkiwa kuna mlango ndani yako unaofunguka wenyewe.

"Marahaba, hujambo? Habari za kazi?"

"Nzuri, mzee, shu…"

"Hongereni sana kwa kipindi. Kwa kweli ni kipindi kinachogusa masuala mtambuka…"

Ikakatwa.

Jirani aliinama akachunguza ukindu wa mkeka. Karatasi ya maelekezo ilikuwa bado mkononi mwangu.

Kisha, ikiwa imebaki simu ya mwisho, sauti nyingine ikaingia. Ilikuwa nzito na kavu. Haikusema haloo.

"Mazinde. Mama wa tenga. Basi."

Akakata mwenyewe.

Tulitazamana. Sauti ile tunaijua sote. Ukiongeza "mifuko mingapi" inakamilika.

"Huyu hana adabu," mama akasema hatimaye. "Tangu siku ya posa nilisema."

"Mama, ndiyo kura pekee tuliyopata."

"Najua. Lakini hana adabu." Akajifuta macho kwa pindo la kanga, lile lenye karatasi yangu ndani.

Matokeo yalisomwa kwa mbwembwe. Mama wa tenga alikuwa wa mwisho. Mtangazaji akaongeza kwamba anawashukuru sana watu wa Lushoto kwa kupiga simu nyingi kuliko watu wa mahali pengine popote, na kwa kumjulia hali, maana tangu aanze kazi hajawahi kuulizwa kama amekula. Lakini sheria ni sheria, alisema, na simu isiyotaja shujaa haihesabiki.

Nikampigia mpwa wangu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya faraja. Alipokea kabla hayajapangika.

"Nilisikia, mjomba."

"Pole sana, mwanangu."

"Masuala mtambuka?"

Nikamsikia akishusha pumzi. "Baba alitoka nje kidogo saa ile, eti anaangalia mzigo. Karudi hajasema kitu. Kafungua tu ile meza ya kaunta akaanza kunisafishia upande wangu. Nina siku tano za kumuua bibi."

Mama alinyang'anya simu. Hao wawili wana utani wao wa bibi na mjukuu ambao watu wengine hawaingii, na hata siku ile haukuwaacha.

"Wewe! Nasikia unaniua."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Niue, mimi nimeshachoka na haya madaraja. Ila usinichore mdomo wazi."

"Sitakuchora mdomo wazi."

"Na huyo atakayeniua ni mtoto wa nani?"

"Ni yule bwana wa suti ya kijivu."

"Yule aliyelelewa na bibi yake? Ana umri gani?"

"Thelathini na mbili."

"Mtoto kabisa," mama akasema. "Na atakuja kuniua hivihivi, bila kuniamkia?"

Nilisogea nikaweka sikio karibu. Upande wa pili hakukuwa na kilio wala pumzi, ila mkwaruzo mdogo kama wa penseli. Kisha simu ikakatwa.

"Hata kuaga hakuaga," mama akasema. "Damu ya baba yake hiyo."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Hakunitumia sura niisome kabla, na sikuthubutu kuiomba. Ijumaa nilifungua simu kitandani kama mtu anayefungua majibu ya hospitali.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa njia ya mlimani, ukungu, mama wa tenga akipanda peke yake. Ukurasa wa pili bwana wa suti ya kijivu amesimama mbele yake, macho yameanza kuwaka. Ukurasa wa tatu yule mama anashika kiuno. Anamtazama kijana kuanzia viatu mpaka kichwani, halafu anamuuliza jambo moja tu: huko kwenu hamwamkii watu?

Ukurasa wa nne ulikuwa uso wa yule muuaji, umejaza kioo chote. Na pembeni, kwa mistari myepesi, mkono wa bibi yake umemfinya sikio.

Akasema shikamoo. Macho yakazimika, maana huwezi kumwamkia mtu na kumkazia macho kwa wakati mmoja. Mama wa tenga akaitika marahaba, kisha akahamia Kishambaa, lugha ya milimani alikolelewa kijana. Na salamu za Kishambaa, kama umewahi kuzipokea njiani ukiwa na haraka, unajua haziishi upesi. Alimuuliza ameamkaje, na wa kwake wameamkaje. Alimuuliza mvua huko atokako, na mahindi yamefika wapi. Kijana alijibu kila moja, kwa sababu kila moja lina jibu lake, na kila jibu linamlazimu aulize na yeye. Sura ikaisha wakiwa kwenye habari za mbuzi. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Tangazo lilisema atauawa katika pambano lijalo, na pambano lilikuwa halijaanza.

Waandaaji walimpigia. Alichowaambia ni hicho hicho: pambano halijaanza. Walikasirika kidogo, kisha wakaona wasomaji wanacheka, wakamwambia aendelee mpaka watakapochoka. Lini watachoka, hakuna ajuaye. Sura iliyofuata wakawa kwenye ng'ombe. Iliyofuata, wagonjwa. Mtangazaji wa Jumamosi sasa hufungua kipindi kwa kuuliza wasikilizaji kama wamekula, na yule wa kulialia ametolewa kwenye chati. Mama anadai ni kazi yake.

Juzi nilishuka Mazinde kununua misumari. Shemeji alikuwa nyuma ya kaunta. Upande wa pili, uliosafishwa, ulikuwa mtupu; binti alikuwa stoo na taa imewashwa. Nilitaka kumwambia shemeji kwamba niliisikia sauti yake siku ile. Alinitazama, nikaona si lazima.

Alipima misumari, akaifunga kwenye gazeti. Kisha, bila kuinua uso:

"Wamefika wapi?"

"Wako kwenye wagonjwa. Mjomba wa yule kijana ana kifua."

Akatafakari. Alikuwa amesema siku akifa, na yeye si mtu wa kurudia maneno yake wala kuyabadili. Akasukuma kifurushi kuelekea kwangu.

"Mwambie asisahau wakwe," alisema. "Habari za wakwe zinachukua muda."

Mteja mwingine akaingia, akavua kofia, akafungua mdomo asalimie.

"Mifuko mingapi?" shemeji akamuuliza.